Nilivyompatia Mwanangu Mwenye Usonji Shule, Bila Kuusikiliza Ukoo

Tangu daktari aandike neno usonji, yaani autism, kwenye ripoti ya mwanangu, kila ndugu amegeuka ofisa elimu. Wifi yangu ndiye aliyetia fora: "Wifi, umemdekeza huyo. Mpeleke bweni, akirudi likizo utamkuta anaongea mpaka umkome." Shemeji akasema shule maalumu, basi, kwingine watamcheka. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha akaapa kwamba dawa ni shule ya kawaida, ataiga wenzake. Niliwasikiliza kwa adabu zote. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubaki naye peke yake asubuhi nzima.

Mwanangu alianza kusoma maandishi ya kwenye maboksi kabla hajaweza kuomba maji. Ukimuuliza "Unaitwa nani?" atakujibu "Unaitwa nani?" kwa sauti yako ileile. Na mlio mkali wa ghafla humvuruga kwa saa nzima. Shule ilitakiwa itoshee mambo hayo matatu, mengine yangefuata.

Ya kwanza ilijiita jumuishi, na ofisini walikuwa wametundika Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lile linalotaka shule za kawaida zipokee watoto wote. Fremu nzuri kabisa. Mwalimu mkuu akafungua ripoti, akasoma "kiwango cha 2", akatabasamu: "Si mbaya, Mzazi, tunao hata wanaoshika mkia." Alidhani ni nafasi ya darasani! Nikamweleza kwamba DSM-5, mwongozo wa Marekani ambao madaktari hutumia kutambua hali kama hizi, uliotoka mwaka 2013, uliunganisha Asperger na majina mengine ya aina za usonji kuwa usonji mmoja wenye viwango vitatu, na kwamba kiwango kinasema mtoto anahitaji msaada kiasi gani, hakipimi akili. Akaitikia kwa kichwa, akanipa karatasi ya ada.

Kengele yao ya umeme ilifungwa juu ya mlango wa darasa lake. Ikilia, yeye yuko chini ya meza, vidole masikioni. Daftari la taarifa likaja limeandikwa kwa wino mwekundu: "Hana adabu. Anarudia maneno ya mwalimu ili kuchekesha darasa." Halafu zikaanza simu: "Mzazi, njoo umchukue apumzike kidogo." Kidogo hicho kikawa karibu kila siku. Nikamtoa. Ada haikurudi, na nilichomwaga kwenye nauli na fomu za kujiunga baada ya hapo sipendi hata kukijumlisha.

Kuanzia hapo sikwenda shule yoyote kwa miadi. Ukienda kwa miadi utaonyeshwa maktaba na vikombe vya michezo. Nilikuwa nafika dakika chache kabla ya mapumziko, nasema nimefuata fomu, kisha naomba kwenda chooni. Msinicheke. Njiani kwenda chooni unaiona shule nzima bila mtu wa kukutembeza. Unasikia kengele kwa masikio yako, unaona milango ya vyoo inafungika au la, na mtoto asiyeweza kuomba ruhusa anapatwa na nini. Zaidi ya yote, angalia pembeni mwa uwanja. Kila shule ina mtoto aliyesimama peke yake ukutani wakati wenzake wanacheza. Mwangalie mtu mzima anayepita karibu naye.

Shule moja nilimkuta kijana amechuchumaa anazungusha kifuniko cha chupa. Akapita mlinzi wa geti, akaokota kifuniko kingine, akachuchumaa, akakizungusha, kikaanguka. Yule kijana akakiokota, akamrudishia. Hakuna aliyesema neno. Mlinzi akaenda zake getini, nami nikasahau kwamba nilikuwa nimeomba choo.

Shule hiyo ilikuwa na kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida. Ratiba ya picha ukutani ilikuwa imechakaa pembeni kwa kushikwa, na picha za vipindi vilivyopita zilikuwa zimeshageuzwa. Ukiona ratiba ya picha inang'aa, jua ni ya wageni. Nikamuuliza mwalimu swali nililokuwa nawauliza wote: mtoto akijilaza chini na kupiga kelele, mnafanya nini? Wengine walinijibu "Tunampigia mzazi." Mmoja alisema "Hapa kwetu hawathubutu," nikaaga palepale. Huyu alisema: "Natoa wenzake nje kwanza. Yeye namwacha hapohapo, nakaa karibu, siongei." Ningekuwa na pesa mkononi ningelipa kabla hajamaliza.

Shule maalumu aliyoisema shemeji niliitembelea pia, tusije tukagombana. Tulivu, watu wazima wa kutosha, wapole. Ila siku nzima walikuwa wanafundisha kuvaa na kutunga shanga, na mwanangu anasoma. Kwa mtoto mwingine ingekuwa ndiyo penyewe. Kuna nyingine waliniambia wazi kwamba "wa aina hiyo" hawachukui. Nikawatolea ibara ya 24, ile ya haki ya elimu, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, na ghafla nafasi ikapatikana. Sikumpeleka. Watu walioshindwa hoja na mama watammalizia hasira mtoto.

Kengele ya shule tuliyoichagua niliirekodi kwenye simu. Nyumbani nikaiweka sauti ya chini kabisa, na anayebonyeza ni yeye, si mimi. Hilo ndilo lililofanya kazi. Tukapandisha sauti taratibu. Siku ya kufungua shule aliivumilia. Tatizo likahamia kwetu, maana akaipenda, tukawa tunaamshwa usiku kwa mapumziko ya shule. Bado mwalimu msaidizi humtoa nje kidogo kabla haijalia.

Ripoti ya daktari ni ndefu na hakuna anayeimaliza. Niliandika ukurasa mmoja, nakala kwa mwalimu, mpishi na yule mlinzi: akirudia swali lako hajakudharau, mwonyeshe picha mbili achague, usimshike kwa nyuma, ukibadilisha jambo mwambie mapema. Alianza na nusu siku. Kipindi cha kusoma anakwenda darasa la kawaida, kisha anarudi kitengoni. Wifi anasema ni maombi yake.

Sasa nasikia mwalimu wa kitengo atahama muhula ujao. Nimeomba mrithi wake aje akae naye darasani kabla hajaondoka. Mwalimu mkuu kaniambia, "Tutaona, Mzazi." Jumatatu naenda kumuuliza ameonaje.