Nyaya za mtandao katika majengo ya chuo

Tumekamilisha kazi ya kutandaza nyaya za mtandao katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, na ningependa kuwaeleza wenzangu wa fani hii yale niliyoyaona ya msingi.

Kati ya jengo na jengo tumepitisha faiba, yaani nyaya za nyuzi za kioo zinazosafirisha data kwa mwanga, badala ya shaba, kwa sababu ukanda huu una radi nyingi, na faiba isiyo na chuma ndani yake haipitishi umeme kutoka jengo moja hadi jingine. Isitoshe, njia ya shaba ina ukomo wa mita 100, zikiwemo nyaya fupi za kwenye kabati na mezani, ndiyo maana sehemu ya kudumu, ile iliyofungwa ukutani, haipaswi kuzidi mita 90.

Ndani ya majengo tumetumia Cat 6, daraja mojawapo la nyaya za mtandao, ya shaba tupu. Hapo sikulegeza msimamo, maana madukani zimejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba, ambazo bei yake huvutia, lakini hukatika upesi na hupata joto zaidi zinapobeba umeme wa kuendesha kamera pamoja na data. Ukikwangua ncha kwa kisu, weupe wa alumini hujitokeza.

Vijana waliokuja kwa mafunzo ya vitendo walipenda kufumua jozi, yaani nyuzi mbilimbili zilizosokotwa pamoja ndani ya waya, kwa urefu ili wapange rangi kwa urahisi. Niliwaonyesha kwamba msokoto usifumuliwe zaidi ya milimita 13, kwa kuwa ndio unaozuia jozi moja kuiingilia nyingine. Walijifunza upesi, nami nilifurahi sana.

Kila ncha ina lebo, na ofisi ya TEHAMA imekabidhiwa ramani pamoja na matokeo ya vipimo.