Matunguu ya Scadoxus chini ya mparachichi, Kakamega: msimu wa kwanza

Februari, mwishoni. Scadoxus multiflorus ndilo lile ua jekundu la duara linalochomoza misituni mvua zikianza. Tuta liko mashariki mwa mparachichi: jua la asubuhi, kisha kivuli. Shimo la majaribio la sentimita 30 lilijazwa maji. Masaa matatu baadaye yalikuwa bado yamesimama. Udongo huu mwekundu wa mfinyanzi ungeozesha matunguu yote (yale mashina ya ua hili yaliyovimba kama kitunguu, ambayo hupandwa ardhini). Tuta likainuliwa sentimita 20 kwa udongo wa juu madebe 2, mboji ya majani debe 1 na mchanga wa mtoni debe 1. Samadi mbichi, hapana.

Matunguu 6 ni ya kitalu (msitu wa Kakamega ni hifadhi, hakuchimbwi). Nafasi ni sentimita 25, shingo usawa wa udongo. Ukilifukia kama kiazi, linaozea shingoni. Glavu ni lazima kwa sababu utomvu unawasha, na tunguu ni sumu kwa mbuzi na kwa watoto. Maji hayakutiwa hata tone: tunguu lililolala halinywi, linalowa tu.

Aprili. Wiki mbili za mvua, na manne yana maua. Kichwa kimoja kinaweza kubeba vijiua hadi 200, na kinachoonekana kwa mbali ni nyuzi zake zaidi ya petali. La tano limetoa majani matupu, jambo la kawaida kwa tunguu lililohamishwa. La sita kimya. Ukilibonyeza, kidole kinazama, na harufu inajieleza. Lilikaa ukingoni, matone ya mparachichi yanapoangukia. Limekatwa hadi nyama nyeupe, likapakwa jivu na kuanikwa kivulini wiki nzima kabla ya kurudishwa, safari hii katikati ya tuta.

Mei. Viwavi weusi wenye madoa meupe. Huanza ndani ya jani, kisha hushuka shingoni, na hapo dawa ya kunyunyiza haiwafikii. Kuwaokota kila jioni kunatosha kwa mimea sita.

Agosti. Matunda yameiva mekundu. Mbegu ya ua hili haihifadhiki, ikikauka imekufa. Kamua, osha ute wote, ibonyeze nusu tu kwenye mchanga na mboji, weka kivulini. Hutanguliza mzizi na kitunguu kidogo, jani baadaye, kwa hiyo wengi humwaga trei wakidhani hamna kitu. Maua yatasubiri miaka 3 au zaidi. Trei ina mbegu 14: tisa zina mzizi, jani bado hata moja.