Malaika Aliyerudi Mara ya Pili

Wapendwa, Bwana asifiwe. Neno la wiki hii ni 1 Wafalme 19:1–16.

Nabii Eliya amekimbia. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, na chini ya mti wa mretemu anaomba afe: "Yatosha; sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Sisemi Eliya alikuwa na ugonjwa wa akili; Maandiko hayasemi hivyo. Lakini alikuwa amechoka kuishi, analala chini, hana pa kwenda, na mbingu ikamtumia mhudumu. Hapa Kampala tunao wengi wanaolala kwenye veranda za maduka na pembeni mwa soko la Owino wakiwa wagonjwa wa akili, na sisi tukiwafikia, mara nyingi tunajua kukemea tu.

Malaika hakukemea. Alimgusa, akasema, "Inuka, ule." Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Kisha akamwendea tena mara ya pili.

Hiyo mara ya pili ndiyo inayotushinda. Tunapenda ushuhuda wa Jumapili: mtu ameletwa amefungwa kamba, ameombewa, ametulia, kanisa zima linashangilia. Lakini ugonjwa wa akili kama skizofrenia, unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, hutulia, kisha unaweza kurudi. Mtu anatoka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala, ana nafuu, anafika kwao, vidonge vinaisha, kituo cha afya cha karibu hakina, nauli ya kurudi Kampala haipo, majirani wanasema amerogwa. Baada ya muda yuko barabarani tena, nasi tunasema hakuwa na imani. Inaniuma sana. Inaniuma zaidi mhubiri anapomwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Wewe unayesema hivyo, hutakuwepo usiku wa manane atakapotoka nyumbani bila nguo.

Na tujue hili: dawa nyingi za ugonjwa wa akili huleta usingizi, na nyingine huongeza njaa. Ndugu anayesinzia kwenye ibada asihesabiwe kuwa baridi kiroho. Sahani ya posho (ugali) na maharage unayompelekea ni sehemu ya maombi yako.

Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vifungu vya sheria vilivyomruhusu polisi kumkamata mtu kwa kuonekana mzururaji tu. Polisi amezuiwa, lakini kwenye milango ya makanisa yetu bado mtu anafukuzwa kwa sababu ya harufu!

Tukienda kwa wagonjwa hawa, twende wawili wawili, bila spika. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kelele za maombi zinaweza kumtisha. Muulize jina lake, na umwite kwa jina hilo. Omba ruhusa kabla ya kumwekea mkono. Akikuambia ametumwa na Mungu kufanya jambo la ajabu, usibishane naye, wala usiitikie amina. Msikilize, kisha muulize kama amekula. Akitaja kufa au kujiumiza, asiachwe peke yake: afikishwe Butabika, au kwa walio mikoani, kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, na mmoja wetu akae naye kwenye foleni mpaka aonwe.

Kule mlima Horebu, Mungu anamuuliza Eliya anafanya nini pale. Eliya anamwaga malalamiko yake. Upepo unapita, tetemeko, moto, sauti ndogo ya utulivu. Anaulizwa tena, naye anarudia malalamiko yaleyale. Waliokaa na wagonjwa hawa wanaijua hali hiyo, hadithi moja asubuhi na jioni. Mungu hakumwambia, "Umeshasema." Alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kazi, akamtajia na Elisha, mtu atakayekwenda naye.

Wiki hii tuwaombee wauguzi wa Butabika, na mama zetu wanaowatafuta watoto wao barabarani. Mwenye blanketi au nauli ya kumrudisha mtu kliniki aonane na wazee wa kanisa baada ya ibada.