Wimbi moja kati ya elfu tatu

Alasiri ya tarehe 1 Januari 1995, dhoruba ilipokuwa ikivuma katika Bahari ya Kaskazini, kipimo cha leza kilichoelekezwa chini kutoka jukwaa la gesi la Draupner, upande wa Norwe, kiliandika jambo ambalo mabaharia walikuwa wamelisimulia miaka mingi. Kimo cha kigezo cha mawimbi, yaani wastani wa kimo cha ile theluthi ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, kilikuwa karibu mita 12. Likapita wimbi la mita 25.6 toka bondeni hadi kileleni, na kilele peke yake kilifika mita 18.5 juu ya usawa wa bahari.

Kabla ya hapo, waliosimulia kuta za maji zinazoinuka ghafla waliambiwa wanatia chumvi. Jambo hili huniuma, kwa sababu hata hesabu ya zamani, ile ya mgawanyo wa Rayleigh (kanuni ya takwimu ionyeshayo mawimbi ya kila kimo hutokea mara ngapi), haikuwapinga: yasema kwamba takriban wimbi moja kati ya 3,000 hufikia maradufu ya kimo cha kigezo. Ukisikia hivyo utadhani ni nadra mno, lakini mawimbi yakifuatana kila baada ya sekunde 12, kwa saa moja hupita 300, na dhoruba ya muda wa saa 10 yatosha kulitarajia.

Kasoro nyingine imo katika takwimu zenyewe. Wahandisi huisanifu meli kwa kukadiria miaka 25 ya kazi katika Atlantiki ya Kaskazini, na kwa muda mrefu makadirio hayo yalitegemea kumbukumbu za meli zilizokuwa safarini. Nahodha mwenye busara huikwepa dhoruba, kwa hiyo bahari iliyo mbaya kupita zote ndiyo iliyoandikwa kwa uchache.

Mwaka 1980 Derbyshire, meli ya Uingereza yenye urefu wa mita 294, ilizama kusini mwa Japani katika kimbunga Orchid pamoja na watu wake wote 44. Uchunguzi uliorudiwa, uliotoa ripoti mwaka 2000, ulieleza kwamba maji yaliingia kidogo kidogo sehemu ya omo, yaani mbele ya meli, kupitia matundu ya hewa yaliyovunjika, omo ikalemewa na kuzama chini zaidi, hadi mawimbi yakakiponda kifuniko cha ngama ya kwanza, yaani chumba cha kwanza cha shehena. Kifuniko hicho kilikuwa kimekidhi kanuni za wakati wake.