Mistari ya Chaki Mlangoni

Nimeishi na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, kwa miaka 9 sasa, na mtu akiniuliza ni lipi linalonisumbua kuliko yote, simtajii mkono unaotetemeka, ambao ndio kila mgeni huuona kwanza, bali namtajia miguu kuganda. Hutoka sebuleni nikitembea vizuri tu, lakini nikifika mlangoni nyayo hunata sakafuni huku kiwiliwili kikiendelea mbele, na hapo ndipo nilipoanguka mara mbili.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza kwamba mtu asiye na ugonjwa huu hutembea bila kufikiri, kwa mazoea yanayoendeshwa na sehemu za ndani za ubongo zinazotegemea kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ikipungua, mazoea hayo hukatika, hasa penye upenyo mwembamba, wakati wa kugeuka, au mtu anapoharakishwa. Hata hivyo, uwezo wa kutembea kwa kukusudia, kila hatua na shabaha yake, mara nyingi huwa bado upo. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi waliandika katika jarida la kitabibu habari za mgonjwa wa miaka 58 ambaye hakuweza kupiga hatua chache bila kuganda, lakini akipanda baiskeli aliiendesha bila shida. (Mimi kwa bodaboda za mtaani kwetu sithubutu.)

Jambo hilo nilikuwa nimekwisha kuliona msikitini kabla sijaelezwa. Nilikuwa nikiganda mahali pa kuvulia viatu, penye msongamano, lakini nikishakanyaga zulia lenye mistari ya safu nilivuka mstari baada ya mstari hadi safu ya mbele bila kusita. Kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu na chaki haikosekani nyumbani, nilichora mistari ya kukingama mbele ya kila mlango, kila mmoja umbali wa hatua moja kutoka mwenzake, na siku hiyohiyo nikapita mlango wa chumbani bila kusimama. Chaki ilifutika kila sakafu ilipopigwa deki, hivyo sasa tumebandika utepe wa gundi wa rangi ya njano.

Pasipo na mistari, nimejifunza kutoshindana na mguu. Husimama kabisa, nikavuta pumzi, nikahamisha uzito kushoto na kulia, nikahesabu hadi tatu, kisha nikainua goti kana kwamba naruka gogo. Nikigeuka, huzunguka kwa duara pana badala ya kujipinda papo hapo. Mwanangu alikuwa akinivuta mkono na kuniambia, "Baba, twende," kwa nia njema kabisa, kumbe kuvutwa ndiko kunakoangusha. Mama yake hutanguliza mguu wake mbele ya wangu, akasema, "Haya, Baba Asha, ruka hapa," nami nikauruka.

Dawa nazo zina nafasi yake. Niliandika kwenye daftari saa za kumeza levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na saa za kuganda, na daktari alipoona kwamba naganda zaidi dozi inapokaribia kwisha nguvu, alipanga saa upya, akanishauri nimeze nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini ya samaki au maharage hugombania njia na dawa hiyo. Jirani yangu aliniletea mbegu za upupu, na ni kweli zina levodopa, ila hakuna ajuaye kipimo kilichomo katika mbegu moja, kwa hiyo nilimshukuru nikaziweka kando.

Mahali ambapo bado panaishinda mistari yangu ni kituo cha daladala, kwani kondakta akishagonga bodi na kusema, "Mzee, panda haraka," miguu hukataa kabisa. Siku hizi gari la kwanza huliacha lipite, nikasogea ukingoni, nikaanza kuhesabu mapema, na la pili likifika huwa nimekwisha kuinua goti.