Mahame

Jumamosi ya tarehe 20 Juni 1981 nilikwenda kununua dengu kwenye duka la mzee mmoja wa Kigujarati, mtaani kwetu Coventry, Uingereza. Mimi wa Tanga, yeye wa Jinja, aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, basi tukionana ni Kiswahili tu. Nilimkuta anateremsha mlango wa chuma mchana kweupe.

"Ingia upesi, kijana. Leo wanaandamana."

Ni National Front, wale waliotaka watu wa rangi yetu tuondolewe Uingereza. Siku hiyohiyo The Specials, vijana wa Coventry, weusi kwa weupe, walikuwa wanapiga muziki uwanjani kupinga ubaguzi. Mwezi Aprili kijana mwenye asili ya Kihindi alikuwa amechomwa kisu akafa, katikati ya mji.

Humo dukani, nusu giza, redio ikapiga wimbo wao mpya, Ghost Town. Upepo kwanza. Kisha kinanda kikanyata kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe wasiokuwepo, halafu tromboni ya Rico Rodriguez ikalia kilio cha msibani. Mwili ulinisisimka. Mtunzi wake, Jerry Dammers, alikuwa amezunguka na bendi akaona Liverpool maduka yamefungwa, na Glasgow bibi vizee wakiuza vikombe na visahani vyao barabarani. Mwezi uliofuata, Liverpool na Manchester zikiwaka moto, wimbo huo ulikaa namba moja wiki tatu.

"Wanasema nini?" mzee akauliza.

Nikaanza, "Mji wa mizimu," nikasita. Mizimu kwetu ni wazee wetu, tunakwenda kuwaomba. Mle wimboni hapakuwa na wa kuombwa.

"Mahame, mzee. Watu wamehama, zimebaki kuta. Vijana hawana kazi, kumbi za dansi zimefungwa, serikali imewatupa, sasa wanapigana wenyewe kwa wenyewe."

Mkono wake ulikuwa umeshika kopo la kupimia, dengu zimejaa. Hakuzimimina.

"Mtaa wetu Jinja," akasema taratibu. "Siku tunaondoka, duka la kulia limefungwa, la kushoto limefungwa. Mbwa tu wanapita."

Nje kelele zilisikika kwa mbali, zikapotea. Akaniomba nilitaje tena lile neno. Nikalitaja, silabi moja moja, naye akaliandika kwa herufi za Kigujarati ubavuni mwa mfuko wangu wa karatasi, ndipo akamimina dengu.