Nilivyookoa miche ya nyanya kitaluni

Mche wa nyanya ukianguka kitaluni, kabla hujakimbilia duka la pembejeo, chuchumaa uangalie shina pale linapotokea ardhini. Kama limenywea, limekuwa jembamba kama uzi na rangi imegeuka kahawia yenye majimaji, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche. Kama shina limekatwa na mche umelala ubavuni ukiwa bado wa kijani, mtafute sota, kiwavi anayekata miche. Kwangu Morogoro, mara ya kwanza kusia mbegu maishani, vyote viwili vilikuwa kwenye tuta moja. Ndiyo maana kila aliyepita alitoa ushauri sahihi kwa tatizo moja tu, na miche ikaendelea kuisha.

Dukani niliuziwa dawa ya ukungu na busta, yaani mbolea ya kupulizia majani. Busta niliiweka kando. Mche unaooza shina hauhitaji kulishwa, na naitrojeni nyingi inaulainisha zaidi. Dawa ya ukungu nayo ina mipaka: inakinga miche iliyobaki mizima, ila ulioanguka ndio umekwenda. Vimelea vya kinyausi, Pythium, Rhizoctonia na wenzao, huishi udongoni na hupenda unyevu, msongamano na mahali pasipopita hewa. Kazi kubwa basi ikawa kuwaharibia starehe hiyo. Niling'oa miche iliyoanguka pamoja na udongo ulioizunguka, nikatupa mbali. Iliyosongamana niliipunguza, na hapo roho inauma, maana unang'oa mzima ili mwenzake apate nafasi. Kumwagilia nikahamishia asubuhi, kwa keni yenye matundu madogo, ili ifikapo jioni udongo wa juu uwe umekauka. Nikichomeka kidole kikatoka na tope, siku hiyo simwagilii.

Aliyenionyesha sota ni mzee jirani, aliyelima mboga Mgeta, kule milimani, enzi za ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii iliyokatwa, umemtafuta aliyeikata?"

Akaokota kijiti, akafukua taratibu kuzunguka mche uliokatwa usiku ule. Sentimita mbili hivi chini akamtoa kiwavi mnene wa kijivu, amejikunja duara, hataki hata kusogea. Sota hukata usiku, mchana hujifukia palepale karibu na alipokula. Tangu hapo, kila nikikuta mche umekatwa nafukua mapema kabla ya chai, na kuku wa mzee wanajua saa yangu. Kwa tuta dogo la nyumbani, sioni sababu ya kumnunulia sota dawa.

Baada ya hapo ikaja rangi. Majani mawili ya kwanza, yale yanayotoka na mbegu, yakawa ya njano. Hayo niliyaacha, kwa sababu huzeeka na kudondoka majani halisi yakishatoka. Kilichonitia wasiwasi ni uzambarau chini ya majani. Ilikuwa Julai, baridi ya milima ya Uluguru inashuka usiku. Uzambarau huo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa fosforasi, lakini udongo ukiwa wa baridi mizizi hushindwa kuivuta hata kama ipo. Sikuongeza mbolea. Jioni nilifunika tuta kwa nailoni juu ya fito zilizopindwa, asubuhi nikafunua mapema hewa ipite, na majani mapya yakatoka ya kijani.

Upande ulio chini ya mwembe, miche ilirefuka na kuinamia kwenye mwanga. Hiyo si maradhi, ni njaa ya jua. Nilikata matawi machache, kisha nikaizoesha jua kidogo kidogo, kwanza la asubuhi tu.

Mbegu za awamu ya pili nilizisia kwa mistari, kina cha sentimita moja, nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari. Kabla ya hapo nilichoma pumba za mpunga juu ya tuta, moto wa polepole, nikaacha lipoe. Samadi ilikuwa imeoza hadi haina harufu. Mbichi huunguza mizizi.

Miche ile mirefu ya mwembeni sikuitupa. Shina la nyanya hutoa mizizi likifukiwa, kwa hiyo wakati wa kuhamishia shambani niliizika hadi karibu na majani ya chini. Mingi imeshika, na sasa naifungia kwenye vijiti vya kuishikilia.